Mwezi wa Kumi Hauna Mchezo: Historia Fupi ya Bustani za Lubumbashi Wakati wa Joto



Mwaka ule nilipotoka fakulte, diplome iko mkononi na kazi hakuna, nilikodi kipande cha bustani pembeni ya kijito kinachoteremka kuelekea mto Kafubu. Hesabu yangu ilikuwa safi kwenye karatasi. Mwezi wa saba tomati inajaa kila soko la Lubumbashi na bei inaanguka. Mvua zikianza inakosekana na bei inapanda. Basi mimi nitachelewa makusudi, nivune wakati wengine hawana kitu. Miche ilishika vizuri. Mwezi wa kumi maua yalitoka mengi hata nikapiga picha nikatuma nyumbani. Juma moja baadaye, kila asubuhi nilikuta maua ya njano yamelala chini, vikonyo vimekatika sawa vile mtu amepita na wembe.

Mama ambaye bustani yake inapakana na yangu alisimama na ndoo zake mbili, akaangalia, akasema:

«Papa agronomu, ile tomati iko nafanya maua ya nani? Jua njo iko naikula. Tia lengalenga, mu juma tatu ine utakuwa unauzisha.»

Nilimwuliza alijifunza wapi. Akajibu kwamba alimkuta mama-mkwe wake akifanya hivyo palepale, miaka ile mishahara ilipokatika. Jibu hilo lilinifanya nianze kusoma na kuwauliza wazee, juu nilitaka kujua mji huu umekula nini kila mwezi wa kumi tangu ulipoanza. Ninayoandika hapa ni matokeo ya kutafuta huko. Hakuna anayelipa kodi ya historia, lakini mbele mtaona kwamba jambo hili lina gharama.

Joto letu halifanani na lao

Tuanze na jambo ambalo vitabu vyetu vingi havisemi wazi. Vitabu vya bustani tulivyosoma viliandikwa kwa nchi ambako joto na kukua vinakwenda pamoja. Kule Ubelgiji, joto la mwezi wa sita na wa saba linakuja na siku ndefu na mvua za hapa na pale. Mtu akisoma «panda wakati wa joto», kwake ni sawa kabisa.

Huku Lubumbashi tuko juu, karibu mita 1,200 toka usawa wa bahari. Mvua zinaanza mwezi wa kumi na moja, mara nyingine mwishoni mwa mwezi wa kumi, na zinaisha mwezi wa tatu au wa ine. Kisha kipwa: kwanza baridi ya mwezi wa sita na wa saba, halafu joto la mwezi wa tisa na wa kumi. Ni kusema, joto letu kali linakuja kabla ya mvua, wakati ardhi imekauka kwa miezi mitano na visima vimeshuka. Mchana unafika nyuzi 32, 33, wakati mwingine zaidi, na hewa ni kavu kama vumbi.

Tomati haipendi hivyo. Chavua yake inaharibika joto likipita nyuzi 32 hivi, na hewa kavu inakausha kichwa cha ua kabla chavua haijashika. Ua lisilopata mbegu mmea unalitupa. Saladi nayo, udongo ukipita nyuzi 30, mbegu inalala chini bila kuota. Na ile iliyoota inakimbilia kutoa ua na kuwa chungu. Kabeji inashambuliwa na viwavi wa nondo mdogo, ambao wanazaana haraka wakati wa joto na ukavu. Mboga hizo tatu zinapenda sana baridi yetu ya mwezi wa sita, mradi kuko maji ya kumwagilia. Mwezi wa kumi zinakataa.

Kwa hiyo swali la mji huu lilikuwa lile lile siku zote: nani iko na ardhi yenye unyevu mwishoni mwa kipwa, na anajua kupanda nini juu yake?

Kabla ya mji

Shida hii ni ya zamani kuliko shaba ya Wazungu. Bunkeya, mji mkuu wa Msiri, mfanyabiashara aliyetoka Unyamwezi akajenga ufalme wa Wayeke, ulikuwa mji mkubwa wenye watu wa makabila mengi. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1891 msafara wa Captain Stairs ulifika pale kwa kazi ya Leopold II, na tarehe 20 Msiri akauawa. Jambo hilo tulifundishwa masomoni. Jambo tusilofundishwa ni kilichofuata: njaa. Watu walitawanyika, ghala zilikuwa zimekwisha, mahindi mapya yalikuwa bado mashambani. Wapagazi wa msafara, wengi wao wametoka Zanzibar, walikufa kwa njaa na kuhara wakiwa wamezungukwa na nchi iliyoanza kuwa kijani.

Mkulima anaelewa mara moja. Mvua za kwanza hazimpi mtu chakula, zinampa kazi tu. Toka joto la mwezi wa kumi hadi mavuno ya kwanza kuko shimo, na watu wa nchi hii walilivuka kwa majani ya porini, uyoga, muhogo uliobaki ardhini, na bustani ndogo kwenye mabonde ya maji. Ng'ambo ya mpaka, kule Zambia, mabonde hayo yanaitwa dambo. Ardhi yake inashika maji ya mvua kama sponji na kuyatoa polepole kipwa chote. Ukichimba mita moja mwezi wa tisa, unayakuta.

Mji wa treni

Mwaka 1910 njia ya treni kutoka Rhodesia ilifika, na Elisabethville ikaanza. Mwaka 1911 kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Union Minière kilitoa shaba yake ya kwanza kando ya mto Lubumbashi. Mji ulizaliwa na midomo mingi bila mashamba. Unga wa mahindi wa wafanyakazi uliletwa na treni toka kusini, na kwa miaka mingi mji ulikula kwa kuangalia saa ya treni.

Serikali ya kikoloni iliona hatari hiyo. Edmond Leplae, aliyeanza kuongoza idara ya kilimo ya koloni mwaka 1910, alitaka Katanga ijazwe wakulima wa Kibelgiji. Kabla ya vita ya 1914 familia zililetwa, zikapewa ardhi karibu na njia ya treni. Mpango huo ulishindwa. Gharama zilikuwa kubwa, ng'ombe walikufa kwa magonjwa, na mahindi ya Rhodesia yalikuwa rahisi zaidi. Lakini mimi kama mtu wa agronomi naongeza sababu ya kalenda: mkulima aliyezoea joto lenye mvua alikuwa anasimama mbele ya joto bila mvua. Nguvu yake ilikuwa katika mboga za baridi, na mji unakula miezi kumi na miwili.

Ardhi yenyewe ilikuwa mikononi mwa Comité Spécial du Katanga, iliyoundwa mwaka 1900 kuigawa na kuisimamia. Tafadhali shikeni neno hilo, ardhi kugawiwa kwa karatasi. Tutalirudilia.

Mwembe na jakaranda

Kuko mimea miwili ambayo ilielewa mwezi wa kumi vizuri kuliko wakubwa wote wa idara, na yote miwili ni migeni.

Wa kwanza ni mwembe. Asili yake ni Asia ya kusini. Ulifika pwani ya Afrika ya Mashariki kwa biashara ya bahari, na njia za misafara ya Waswahili na Waarabu zikaupeleka ndani ya bara. Pale Ujiji na Kasongo miembe ilikuwa alama ya mahali msafara ulipolala. Kwetu inatoa maua kipindi cha baridi na ukavu. Mizizi yake inatafuta maji mbali chini wakati majani ya juu yote yamekauka, na maembe yanaanza kuiva mvua zinapofika, ndani kabisa ya lile shimo la njaa. Kambo yangu, aliyekulia katika kambi ya wafanyakazi, alikuwa anasema kwamba mwezi wa kumi na mbili watoto walikuwa hawarudi nyumbani kula mchana. Ulikuwa unajua walipo kwa kuangalia mti upi unatikisika.

Wa pili ni jakaranda, mti wa Amerika ya Kusini. Kila mmoja wetu anajua barabara za katikati ya mji zinavyogeuka zambarau wakati wa joto. Jakaranda inaangusha majani ili isipoteze maji, halafu inachanua bila jani hata moja, kwa akiba iliyoweka msimu uliopita. Wakoloni waliipanda kwa uzuri. Waliomwagilia miche hiyo, wakabeba ndoo mpaka ikasimama, walikuwa maboyi na watunza bustani wetu. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya mji huu kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, ile «Vocabulaire ya Ville de Elisabethville». Ukiisoma unaelewa kwamba watu hao walijiona kuwa wenye kumbukumbu ya mji. Mimi nikipita chini ya jakaranda nawaza mikono yao kwanza, rangi baadaye.

Posho, kisha mshahara, kisha jembe

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière iliamua mfanyakazi akae na bibi na watoto kambini. Posho ilikuwa inatolewa kwa mizani: unga, nyama au samaki, mafuta, maharagi. Mtu mwenye posho hajali sana mwezi wa kumi. Wazee wanakumbuka kwamba wamama waliendelea na vibustani vya lengalenga na matembele nyuma ya nyumba na kwenye mabonde, lakini kama nyongeza ya bukari tu. Mwaka 1967 kampuni ikawa ya Serikali, baadaye ikaitwa Gécamines, na desturi hiyo ya kumlisha mfanyakazi iliendelea.

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Mwaka 1991 kukawa uporaji. Mwaka 1993 shaba ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000. Posho ilikwisha, mishahara ikakaa miezi bila kutoka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari.

Hapo njo mabonde yalijaa. Mama-mkwe wa jirani yangu alishuka kijitoni na jembe moja na kikopo cha mbegu. Hakusubiri semina. Wakati wa kipwa alichimba matuta yaliyozama chini ya usawa wa ardhi ili maji yasikimbie. Mvua zikifika aliyainua ili mizizi isioze. Alifunika udongo kwa majani makavu, alimwagilia asubuhi mapema na jioni, na kitalu alikiwekea kivuli cha nyasi juu ya fito. Baridi ilikuwa ya kabeji na tomati. Joto lilikuwa la lengalenga, matembele na majani ya maboga. Vyote hivyo vimo katika vitabu vyetu, kurasa mbalimbali. Yeye aliviweka kwenye kalenda moja, na watoto wake walisoma kwa pesa ya kalenda hiyo.

Mwaka 2000 FAO, kwa msaada wa Ubelgiji, ilianza mradi wa kilimo cha mboga mijini katika Kinshasa, Lubumbashi, Likasi, Kisangani na Mbanza-Ngungu. Mradi ulileta mbegu, mafunzo, vyama vya wakulima. Kwangu kazi yake kubwa ilikuwa moja: kusaidia maeneo ya bustani yatambuliwe rasmi. Walikuwa wameelewa kwamba mbegu nzuri bila mahali pa kupanda ni kikopo tu.

Lengalenga nayo ina siri zake

Wenzangu wengi mtataka nimalize hapa kwa kusema: turudilie mboga za wahenga, tuache za Wazungu. Siwezi kusema hivyo, juu haitakuwa kweli.

Kwanza, lengalenga tunayouza sana sokoni, Amaranthus cruentus, asili yake ni Amerika ya Kati. Tomati nayo ni ya Amerika, toka upande wa milima ya Andes. Muhogo, mahindi, matembele: vyote vilivuka bahari ile ile. Kwa hiyo ugeni hautuelezi kitu. Lengalenga inashinda joto kwa namna inavyotumia jua. Ni ya kundi la mimea ya C4, sawa na mahindi na muwa: majani yake yanakusanya hewa ya kaboni kwa bidii hata vinyweleo vikifungwa nusu kuokoa maji, na joto kali linaiongezea mwendo. Tena inavunwa jani, haihitaji ua lishike. Ndiyo sababu mama alisema juma tatu ine.

Pili, na hili ni gumu zaidi. Kiwanda kilichoanza 1911 kilitupa moshi wake juu ya mji kwa miaka mingi, na upepo wa kipwa unaotoka kusini-mashariki uliupeleka upande mmoja, mpaka kuko sehemu ambako miti haikurudi. Watafiti wa chuo kikuu chetu na wenzao wa Ubelgiji wamepima udongo wa bustani za Lubumbashi na kukuta shaba, kadimiamu na metali nyingine kwa wingi mahali pengi. Mwaka 2009 Banza na wenzake walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi sana katika mkojo. Na lengalenga, mboga yetu ya joto, ni kati ya mimea inayovuta kadimiamu kwa urahisi kuliko mingine. Inaweza kupendeza kwa macho, kijani safi, na ndani imebeba kitu.

Nilipomwambia mama jambo hilo alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza: «Sasa batoto bale nini?» Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia yale ninayojua: kuosha majani kwa maji safi kunaondoa vumbi, si kilichoingia ndani, chokaa na samadi nyingi vinapunguza kiasi mmea unachovuta, na mabonde ya mbali na kiwanda, juu ya mkondo, ni salama zaidi. Alinisikiliza vizuri. Akasema: «Basi aya mabonde ya mbali njo ya kuchunga.»

Mawe ya mipaka

Na hapa narudia ile karatasi. Mwaka huu, wakati wa baridi, watu walikuja kwenye bonde letu na kamba na rangi, wakapanda mawe ya mipaka. Wanasema viwanja vimeshauzwa. Sitataja nani, juu sijaona hati kwa macho yangu. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, na mtu anapata haki ya kuitumia kwa hati. Mama ameilima kwa zaidi ya miaka ishirini na hana hati hata moja. Aliyenunua juzi iko nayo.

Bonde likijazwa kifusi na kujengwa nyumba, nyumba zenyewe zitaingiwa na maji mwezi wa kwanza, hilo kila mtu wa hidroloji anaweza kuwaambia. Lakini hasara ya mwezi wa kumi haitaonekana kwa picha. Itaonekana sokoni, pale fungu la mboga litakapokuwa dogo, na nyumba maskini zitakapokwenda kununua karibu na kiwanda, mahali ambako ardhi imebaki wazi kwa sababu tunazozijua.

Nimesoma historia hii yote na naona kitu kimoja kinarudi. Mji ulipokuwa na treni, posho au mshahara, ulisahau mabonde. Vilipokatika, ulikimbilia mabonde na kuwakuta wamama wameshaanza. Siku hizi shaba imerudi, malori yanapita usiku na mchana, na sisi tunasahau tena. Tofauti ni moja: safari hii tunayafukia.

Kwa hiyo naomba vitu vitatu kwenu, wenzangu wa chama. Walio topografia watusaidie kuchora ramani ya mabonde ambayo bado yanalimwa, pande za Kafubu, Kimilolo, Naviundu na kwingineko. Wa maabara watusaidie kupima udongo, ili tuseme kwa ukweli bonde gani linafaa kwa mboga za majani na lipi libaki la miti na maua. Wa sheria watuonyeshe njia ya chama cha wakulima kuomba hati ya pamoja kabla ya mvua.

Mimi nitaendelea kushuka kijitoni. Tomati yangu sasa naipanda mwezi wa ine, kama wengine, na bei ninaikubali. Mwezi wa kumi ninapanda lengalenga, na chini ya kivuli cha fito ninaotesha miche kidogo ya kujaribu. Jana mama alipita kando ya jiwe lililopakwa rangi nyekundu, akalikanyaga kwa kisigino kama anayeangalia kama limeshika, akaendelea na ndoo zake.

Mwenye kujua zaidi au aliyeona kosa langu anirekebishe, tuendelee pamoja.